Kushuhudia Muujiza kwa Ukweli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa na Mkristo anayeamini kwamba Mungu anaponya hata leo, kwa ajili ya Wakristo wanaoamini hivyo hivyo. Anayetafuta hoja za kukanusha miujiza hatazipata hapa. Tunazungumzia vinywa vyetu: tunasema nini baada ya maombi, tunakisemaje, na nani anaumia tukisema zaidi ya tulichoona. Maswali yenyewe huulizwa mkesha unapokwisha, kwenye vikundi vya maombi, na mara nyingi zaidi pembeni kwa sauti ya chini, mwulizaji akiogopa kuonekana hana imani.

Je, kuuliza kama ushuhuda ni wa kweli si kumzimisha Roho?

Hapana. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasimzimishe Roho wala wasitweze unabii, na maneno yanayofuata ni haya: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Ni barua moja, kwa kanisa moja, mistari imefuatana. Na Roho huyo Yesu alimwita Roho wa kweli. Swali la kawaida kama "ulipimwa lini?" haliwezi kumfukuza. Linaloweza kupoa kwa swali hilo ni msisimko wa ibada, na msisimko, hata ukiwa mtamu namna gani, haustahili kulindwa kwa uongo.

Ni wapi kwenye Biblia tunaambiwa tuwe waangalifu tunaposhuhudia?

Anza na Amri Kumi: "Usimshuhudie jirani yako uongo." Hakuna palipoandikwa kwamba amri hiyo husimama kando mtu anaposhika kipaza sauti kanisani.

Kisha soma Ayubu sura ya 13. Rafiki zake walikuja kumtetea Mungu, naye akawauliza kama wanathubutu kusema kwa udanganyifu kwa ajili ya Mungu. Swali hilo linatuchoma kwa sababu linagusa nia njema. Wengi wanaotia chumvi kwenye shuhuda hawatafuti pesa. Wanataka Bwana atukuzwe, mgonjwa mwingine apate moyo, mtumishi asiaibike. Lakini mwishoni mwa kitabu kile Mungu anawakasirikia wale marafiki kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake. Walikuwa upande wake, na bado aliwakasirikia.

Katika Agano Jipya, mfano ninaoupenda kuliko yote uko Marko 8. Yesu alimwekea mikono kipofu wa Bethsaida, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Mwana wa Mungu mwenyewe aliuliza. Yule mtu akajibu: "Naona watu kama miti, inakwenda." Fikiria angekuwa kwenye mkutano wetu wa injili. Kinanda kingekuwa kimeshapigwa, vigelegele vimeshapaa, na yeye angelazimika kusema anaona vizuri kabisa. Lakini alisema alichokiona, na kwa kuwa alikisema, aliwekewa mikono mara ya pili akaona yote waziwazi. Ambaye angedanganya pale angebaki na miti yake.

Tena kuna Yohana 21, ambapo tunaambiwa neno lilienea katikati ya ndugu kwamba mwanafunzi yule aliyependwa na Yesu hafi. Ulikuwa uvumi mzuri, wa kumheshimu mtume, na yawezekana uliwatia wengi moyo. Injili yenyewe inausahihisha: Yesu hakusema kwamba hafi. Mwandishi hakungoja uvumi ufe wenyewe. Na Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya ufufuo, anakiri kwamba kama Kristo hakufufuka basi mitume wameonekana kuwa mashahidi wa uongo wa Mungu. Kwake yeye, kumsingizia Mungu tendo ambalo hakulitenda ni kosa, hata likiwa tendo la utukufu.

Nimeombewa na maumivu yameondoka papo hapo. Niseme nimepona?

Sema maumivu yameondoka, na utaje tangu lini. "Niliombewa mgongo Jumapili, na mpaka leo Jumatano sijasikia maumivu, namshukuru Mungu." Huo ni ushuhuda kamili. Hauna shaka ndani yake, na hauna kitu cha kuufuta kesho.

Neno "nimepona" linadai zaidi, kwa sababu linahukumu kilicho ndani ya mwili. Maumivu ya mgongo huja na kuondoka. Vivyo hivyo vidonda vya tumbo, kipandauso, pumu na kifafa. Shinikizo la damu hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Na mtu aliye katikati ya nyimbo, machozi na umati anaweza kupitisha saa kadhaa bila kusikia maumivu ambayo yatarudi akishalala. Sisemi kwamba Mungu hakuhusika. Nasema hujui bado, na kusema usichokijua si imani.

Kama ugonjwa wako una kipimo, nenda ukapime. Yesu aliwaambia wakoma kumi: "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Kwa sheria ya Walawi, makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ngozi, kumtenga mtu siku saba, kumwangalia tena, na ndipo watangaze. Kwa hiyo uponyaji wa Yesu ulipelekwa kukaguliwa, na aliyeagiza ni yeye mwenyewe.

Na kuhusu VVU? Ndugu yetu ameonyesha karatasi ya hospitali kwamba virusi havionekani.

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa watu wanakufa.

Dawa za ARV zikimezwa vizuri hushusha idadi ya virusi kwenye damu mpaka mashine ya kupimia isiweze kuviona. Ndiyo maana karatasi ya kliniki huandikwa kwamba virusi havionekani. Ni habari njema sana: mwenye hali hiyo anaishi na afya yake, na hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Lakini virusi bado vimejificha mwilini. Akiacha dawa, kwa kawaida hurudi kwenye damu baada ya wiki chache. Kwa hiyo anayesimama madhabahuni akiinua karatasi hiyo na kutangaza kwamba ameponywa UKIMWI ameisoma vibaya, na aliyekaa benchi la nyuma na vidonge vyake kwenye mkoba anaweza kwenda nyumbani akavitupa.

Jambo la pili halijulikani na wengi. Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi. Mtu aliyekaa kwenye dawa miaka mingi anaweza kuwa na kingamwili kidogo, hasa kwenye mate, na kipimo cha kujipima nyumbani kikamwambia hana. Wataalamu wanajua hilo, na ndiyo maana mtu aliyekwisha kuanza dawa haambiwi ajipime upya kwa kipimo hicho. Pia mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hubeba kingamwili za mama yake, na zinaweza kuonekana kwenye kipimo hadi umri wa miezi 18. Zikiisha, kipimo kile kile kilichosema "anazo" kitasema "hana". Mama huyo ana kila sababu ya kuleta sadaka ya shukrani, maana mtoto wake hakuambukizwa. Aseme hivyo: hakuambukizwa. Akisema aliambukizwa kisha akaponywa, mama mwingine anayeambiwa na muuguzi ampe mtoto dawa ya kinga ataamua kungoja maombi.

Je, Mungu hawezi kuponya VVU? Anaweza. Basi aliyeponywa aendelee na dawa, aende CTC, yaani kliniki yake ya matibabu ya VVU, awaambie wahudumu anachoamini, na awaachie wao wamwongoze kwenye vipimo. Kazi ya Mungu haitaharibika kwa kumeza kidonge.

Lakini tumefundishwa kukiri kwa kinywa kabla ya kuona. Je, kusema "nimepona" si kukiri kwa imani?

Ombi na tumaini vina lugha yake, na ushuhuda una lugha yake. Unapoomba, sema mbele za Mungu kila ahadi unayoiamini. Unaposimama mbele ya watu kuwaeleza kilichotokea, wewe ni shahidi, na shahidi husema alichoona na kusikia. Vijana watatu mbele ya tanuru la moto walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo." Sijawahi kumsikia Mkristo akisema walikuwa na imani haba. Naye baba wa yule kijana mwenye pepo alilia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa. Kama kukiri kwako kunakulazimisha ufiche dalili kwa mke wako, au kwa daktari, kumekuwa kitu kingine.

Kikombe cha Babu wa Loliondo kilikuwa muujiza?

Wengi bado wanauliza, hasa waliokuwa watoto wakati ule. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto, na kwamba inatibu magonjwa sugu, UKIMWI, kisukari na saratani yakiwamo. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenye barabara ya vumbi. Walikuja watu kutoka Tanzania yote, Kenya na kwingineko. Viongozi wa serikali na wa dini walikunywa mbele ya kamera. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini wakapelekwa huko, wakafia njiani au kwenye foleni.

Sitamhukumu mzee yule, aliyefariki mwaka 2021. Bei yake ilikuwa ndogo, na waliomfahamu walimwona mtu anayeamini alichosema. Kinachonihangaisha ni shuhuda zetu sisi tuliokunywa na tuliosimulia. Zilitolewa siku ile ile au wiki ile ile. Mtu alishuka kwenye gari akasema sukari imekwisha, kabla hata ya kupima. Aliyejisikia vizuri alisikika redioni. Aliyezidiwa miezi mitatu baadaye alizidiwa nyumbani kwake, bila redio. Hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI, kisukari au saratani. Tulipolijua hilo, makanisa yetu yalifanya nini? Mengi yalikaa kimya. Wale waliokuwa wametangaza madhabahuni kwamba fulani amepona hawakurudi madhabahuni pale pale kueleza kilichompata. Uongo wa namna hii hauhitaji mwongo. Unahitaji watu wema wengi wanaowahi kusema na wanaosahau kurudi.

Mbona mnakazia mno? Ushuhuda uliotiwa chumvi kidogo unamdhuru nani?

Unamdhuru mama aliyemzika mtoto wake na sasa anajiuliza dhambi yake ilikuwa ipi, maana wa jirani "aliponywa". Unamdhuru aliyeacha insulini. Unamdhuru aliyeuza shamba apeleke sadaka. Na unajenga umati ambao uko tayari kwa lolote. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa injili walipokimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Watu hawakimbii hivyo kwa sababu ya mahubiri ya siku moja. Walikuwa wamesikia shuhuda nyingi kabla ya siku ile.

Nabii alinitaja jina na namba yangu ya simu bila kunifahamu. Hilo si neno la maarifa?

Linaweza kuwa. Kwanza jiulize namba hiyo umeiandika wapi: kwenye fomu ya wageni mlangoni, kwenye bahasha ya sadaka, kwenye ombi ulilotuma kwa ujumbe, kwenye ukurasa wako wa Facebook. Mwaka 1986 huko Marekani mhubiri Peter Popoff alikuwa akiwaita watu kwa majina, anwani na magonjwa yao. Mchunguzi James Randi na wenzake walinasa mawimbi ya redio na kumsikia mke wa mhubiri akimsomea kadi za maombi kupitia kifaa kidogo sikioni. Na jijini Nairobi, mwaka 2014, uchunguzi wa televisheni ulionyesha jinsi pamanganeti ya potasiamu ilivyotumika kuyafanya maji ya kuoshea miguu ya waumini yawe mekundu, yaonekane kama damu inayotoka mwilini.

Usimshuku kila mtumishi. Lakini pima neno lenyewe: limekuambia kitu cha kukujenga, au limekuambia tu kitu unachokijua tayari kisha likakuomba pesa? Namba yako ya simu unaijua. Mungu hana haja ya kukukumbusha.

Kuna klipu inasambaa, mtu amefufuliwa kutoka kwenye jeneza. Niisambaze?

Usiisambaze. Februari 2019 klipu ya aina hiyo ilitoka Afrika Kusini: mhubiri Alph Lukau, jeneza, na mtu aliyeketi ghafla kinywa wazi. Ilienea dunia nzima, na kwenye simu zetu ilifika siku ile ile. Ndani ya siku chache kampuni za mazishi zilisema zilidanganywa na kutumiwa, na kanisa lenyewe likasema mtu yule alikuwa hai tayari alipoletwa. Waliosambaza klipu walikuwa wengi sana kuliko waliosambaza masahihisho.

Kuna pia habari za kwenda mbinguni na kurudi. Alex Malarkey, mtoto wa Marekani aliyepooza kwa ajali ya gari mwaka 2004, alitajwa kama mwandishi, pamoja na baba yake, wa kitabu kilichouzwa sana juu ya safari yake ya mbinguni. Januari 2015, akiwa kijana, aliandika barua ya wazi kusema kwamba hakufa na hakwenda mbinguni, na kwamba alisema vile akidhani atatazamwa. Mchapishaji aliondoa kitabu sokoni. Barua ile ilihitaji ujasiri mkubwa. Kijana aliyelala kitandani asiyeweza kutembea aliwaambia maelfu ya Wakristo wazima kwamba Biblia inawatosha. Namheshimu kuliko wengi wanaojaza viwanja.

Kabla ya kubonyeza, jiulize: nani aliona kwa macho yake, wapi, lini, na ninaweza kuzungumza naye? Torati ilitaka mashahidi wawili au watatu hata kwa kesi ya kawaida. "Nimetumiwa na dada wa kundi letu" si shahidi.

Kuna kanisa lolote linalochunguza miujiza kwa dhati?

Yapo mapokeo ya kujifunza. Kanisa Katoliki lina ofisi ya kitabibu pale Lourdes, Ufaransa, mahali ambapo mahujaji huenda kuombea uponyaji, tangu mwaka 1883. Madaktari wa imani yoyote, na wasio na imani, wanaruhusiwa kutazama majalada. Ugonjwa uwe mzito na umethibitishwa, kupona kuwe kwa ghafla, kamili na kwa kudumu, na kusielezeke kwa matibabu. Zaidi ya taarifa 7,000 za kupona zimepokelewa. Zilizotangazwa na maaskofu kuwa miujiza ni 72 tu kufikia mwaka 2025. Mwingine atasema hizo ni chache. Mimi naona kila moja kati ya hizo 72 inaweza kusimama mbele ya mtu yeyote anayeuliza, na waliobaki hawakuitwa waongo. Waliambiwa tu kwamba haijathibitika.

Karibu zaidi na kwetu, pale Kibeho, Rwanda, kuanzia mwaka 1981 wasichana wa shule walisema wanamwona Bikira Maria, na baada yao wakajitokeza wengine wengi. Tume za madaktari na wanateolojia ziliundwa. Askofu alitoa hukumu mwaka 2001, miaka ishirini baadaye, akawakubali watatu tu. Na kwa Mashahidi wa Uganda, wale waliouawa kwa ajili ya imani yao, kutangazwa watakatifu mwaka 1964, muujiza uliotazamwa ulikuwa kupona tauni kwa masista wawili pale Rubaga, mwaka 1941. Usipokubaliana na mafundisho ya Kikatoliki juu ya watakatifu, bado jifunze subira hiyo.

Nasi Waprotestanti wa Afrika Mashariki tuna urithi wetu. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha wazee wetu "kutembea nuruni". Ushuhuda wa Balokole, yaani waliookoka, kama watu wa uamsho ule walivyoitwa, ulianza na dhambi ya msemaji mwenyewe, ikatajwa kwa jina, na mara nyingi aliyeiba alirudisha alichoiba. Kwenye ushirika, ndugu aliyejikweza aliambiwa palepale, kwa upendo, mbele ya wenzake. Ni ajabu kwamba wajukuu wa uamsho ule ndio leo tunaona vibaya mtu akiuliza swali.

Nimepata kazi, au viza, au nimefaulu mtihani. Naweza kuita muujiza?

Ita baraka, ita jibu la maombi, na useme pia ulituma maombi mangapi na nani alikusaidia. Shangazi aliyelipa ada atajwe.

Nilipona baada ya upasuaji na dawa. Kutaja hospitali hakutapunguza utukufu wa Mungu?

Hakutapunguza. Luka, mwandishi wa Injili, aliitwa tabibu mpendwa. Anayeficha kwamba alifanyiwa upasuaji ili maombi yaonekane ndiyo yaliyofanya kazi yote anamnyima daktari haki yake, na anamfundisha msikilizaji kuogopa hospitali.

Mchungaji ananiongezea maneno jukwaani. Nilisema uvimbe umepungua, yeye akatangaza umeyeyuka.

Hii ni ngumu, maana kwetu mtu hamsahihishi mchungaji mbele za watu. Pale pale, ukipewa nafasi, rudia kwa upole maneno yako: "Baba, umepungua, Ijumaa narudi kupigwa picha tena, naomba mzidi kuniombea." Hujambishia, umeomba maombi. Ukikosa nafasi, mfuate ofisini, ukiwa na mzee wa kanisa ikibidi, umwombe Jumapili inayofuata aeleze ilivyo. Mchungaji mwema atashukuru. Paulo na Barnaba kule Listra walirarua mavazi yao walipopewa sifa zisizo zao. Ukimwona anakasirika na kukwambia unamwaibisha, angalia kama hilo ndilo kanisa la kukulea wewe na watoto wako. Na katika hali yoyote usikubali kuambiwa la kusema kabla ya kupanda jukwaani, hata kama umelipiwa nauli.

Nilishuhudia kwamba nimepona, na sasa ugonjwa umerudi. Nifanye nini?

Rudi hospitali kwanza. Hilo lisingoje toba wala mashauri.

Kisha waambie watu. Si lazima kwa aibu, kwa sababu yawezekana hukudanganya. Ulisema ulichoamini wakati ule. Sema: "Mwezi wa tatu nilisema nimepona. Dalili zimerudi, niko kwenye matibabu, niombeeni." Yupo mtu kwenye ibada ile aliyekuwa anafuata njia yako, na maneno hayo machache yanaweza kumrudisha kliniki. Atakayekuambia umepoteza uponyaji wako kwa kukosa imani, mwambie kwamba Epafrodito aliugua karibu kufa akiwa kwenye kazi ya Kristo, na Paulo hakumlaumu hata kwa neno moja.

Tukisahihishana hadharani, wasioamini na majirani zetu Waislamu hawatatucheka?

Wanajua tayari. Klipu zile zile tulizosambaza wao pia wanazo. Jirani anayeishi ukuta mmoja na wewe anajua kama mgonjwa wenu amepona au la, kwa sababu usiku anamsikia akikohoa. Kinachomfanya atuamini tunapomweleza kwamba Kristo amefufuka ni kama alituamini tulipomweleza habari za kupona kwa shangazi.

Naongoza kipindi cha shuhuda kanisani kwetu. Nianzie wapi?

Zungumza na mtu kabla hajasimama, siku moja au mbili kabla ikiwezekana. Mwulize kilichotokea, lini, alikuwa anatumia dawa gani na kama amerudi kupima. Yanayohusu VVU, saratani, kisukari, kifafa na shinikizo la damu yasipande jukwaani bila mazungumzo hayo, na kila mara yafuatiwe na neno kwamba asiache mtu dawa bila daktari. Kama kanisani kwenu kuna muuguzi au tabibu, mshirikishe. Wengi wao wamekaa kimya miaka wakisikia mambo yanayowaumiza. Siri ya mgonjwa ibaki yake: karatasi za hospitali zisioneshwe kwenye kamera, na mtoto asisimulishwe ugonjwa wake mbele ya umati.

Weka daftari. Andika tarehe na maneno ya mtu kama alivyoyasema, kisha mrudie baada ya miezi sita. Waliodumu katika uzima, wape nafasi tena. Ushuhuda wa miezi sita una nguvu kuliko wa dakika sita. Waliorudiwa na ugonjwa, kanisa liwajue na liwatembelee. Na usiweke kikapu cha sadaka mara tu baada ya shuhuda za uponyaji. Kitolewe wakati mwingine wa ibada.

Nimeombewa miaka mingi na bado naumwa. Je, nina ushuhuda wowote?

Unao, na ungependeza kusikika zaidi. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, aliandika karibu na mwisho wa maisha yake: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hakueleza kwa nini. Alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu mwiba wake uondoke, na akaambiwa neema yamtosha. Mambo hayo hayakufichwa. Yaliandikwa, yakasomwa makanisani.

Basi simama siku ya shuhuda useme: naumwa, naenda kliniki kila mwezi, naomba, na Mungu hajaniacha. Kama kanisa lako halina nafasi ya ushuhuda huo, mwombe anayeongoza kipindi akupe dakika tatu, na umwambie mapema utakachosema.